Sindano Tatu na Mvua ya Karungu

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kutoka Karungu nikaambiwa Min Awuor amefariki. Aliyepiga ni mke wa mjukuu wake, msichana ambaye sikuwa nimewahi kumwona, na alisema bibi aliacha agizo kwamba siku akifa aambiwe "yule Mkuria wa sindano." Ndivyo alivyoniita mpaka mwisho, ingawa jina langu, Boke, alilijua vizuri. Nilikaa jikoni nikaacha sufuria ya maharagwe ikaungua mbele ya macho yangu. Jioni watoto waliniuliza huyo marehemu alikuwa nani wangu. Hakuwa ndugu, hakuwa wa kabila langu, hatukusali kanisa moja, na ukijumlisha muda wote tuliowahi kukaa pamoja sidhani kama unafika mwezi. Nikawaambia tulilazwa naye hospitali zamani. Wakasema pole mama, wakaendelea kula. Sikuwalaumu. Utamweleza vipi mtu ambaye hajawahi kuumwa zaidi ya jino?

Mwaka ule ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na minne kati ya hiyo nilikuwa nimeishi na maumivu. Yalianza kwetu Kegonga siku nilipoanguka kutoka juu ya lori la tumbaku, nikatua kwa makalio barabarani, watu wakacheka, nami nikainuka nikacheka pamoja nao. Kicheko kile kilinitokea puani. Maumivu yalikaa chini kabisa ya kiuno, yakashuka kwenye kalio la kulia, yakapita nyuma ya paja na kuishia kisiginoni, na kila nilipoketi yalikuwa yakipanda na kushuka humo humo. Nilikunywa mizizi iliyonitapisha. Nilichanjwa chale zikapakwa unga mweusi, na alama zake ninazo hadi leo. Nilidungwa sindano za matakoni kwenye kliniki za mjini, zikanituliza kutwa moja na kesho yake ikawa yale yale. Niliombewa pia, na mhubiri akaniambia imani yangu ni ndogo. Nikamwambia mguu ndio unaouma, imani haijambo. Hakunipenda tangu siku hiyo.

Wakati huo nilikuwa Migori mjini, fundi wa cherehani katika duka la vitambaa la Bi Rehema. Bi Rehema alikuwa mjane wa Kiislamu aliyeletwa na marehemu mumewe kutoka Mombasa, na Kiswahili hiki ninachoandikia nilikiokota mdomoni mwake, pamoja na matusi yake. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka, tumetenganishwa na ukuta wa mabati tu. Kitanda nilikuwa nimekitoa nje kwa sababu godoro liliniua. Nililala sakafuni kwenye mkeka, miguu nimeipandisha juu ya kiti, na kiti hicho hakikuwa na kazi nyingine kwa kuwa kukaa sikuweza. Nilishona kwa dakika chache nikainuka, nikazunguka meza, nikarudi. Chakula nilikula nimesimama, sahani nimeiweka kwenye dirisha. Kwetu mtu anayekula amesimama huulizwa kama anafukuzwa, kwa hiyo nilianza kukataa mialiko, na baada ya muda mialiko yenyewe ikakoma. Nilikula na dirisha.

Kupitia yale mabati nilisikia yote yaliyosemwa dukani. Nilisikia wanawake wakiulizana kwa nini yule binti wa Kikuria amekonda hivyo. Mmoja akasema ni uvivu, mwingine akasema kwa sauti ya chini, lakini si chini ya kutosha, kwamba ni ule ugonjwa wa siku hizi, na kwamba yeye angekuwa Bi Rehema asingeniachia vikombe vyake. Bi Rehema akamwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, akamkatia kitambaa chake, akamuaga. Nilifurahi kwamba amenitetea. Lakini jioni alipoleta chai niliona kikombe changu ni kile cha bati ambacho hakuna mtu mwingine aliyekitumia. Niliinywa nimesimama. Siku hizi nikisikia watu wakisema maumivu humleta mtu karibu na wenzake, huwa siwaamini, maana mimi yalinifungia mlango.

Habari za daktari wa Homa Bay zililetwa na mteja. Kulikuwa na daktari aliyekuja mara moja kwa mwezi katika hospitali moja ya misheni huko, akidunga watu sindano chini ya mgongo, na mjomba wake huyo mteja alikuwa amedungwa akaacha fimbo ya kutembelea. Papo hapo mteja mwingine akasema yeye anamjua mtu aliyedungwa uti wa mgongo akapooza miguu yote miwili. Bi Rehema aliwasikiliza wote, kisha akaja nyuma akaniambia, "Mwanangu, kupooza ni nini? Wewe sasa hivi unatembea?" Januari hiyo akanipa ruhusa.

Wodi ya wanawake ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vya chuma, madirisha yakitazama ziwa. Tuliambiwa tufike asubuhi, tudungwe mchana, tulale pale, turudi makwetu kesho yake, kwa sababu dawa ilikuwa na ganzi na miguu ingekuwa mizito. Saa sita wagonjwa waliletewa ugali na omena, dagaa wa ziwani. Wengine walikaa vitandani. Mimi nilichukua sahani yangu nikaenda dirishani kama kawaida yangu, na hapo nikamkuta mwanamke mrefu, mweusi, wa miaka hamsini na kitu, amesimama, sahani yake iko juu ya kizingiti cha dirisha. Tulitazamana. Akanitazama miguu, akaitazama sahani, akasogea kunipa nafasi.

"Wewe pia chakula yako inakula juu?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, mama. Tukala mpaka omena ikaisha. Kwa miaka minne sikuwa nimekula na mtu bega kwa bega bila kuulizwa kwa nini sikai.

Huyo ndiye Min Awuor, yaani mama wa binti aitwaye Awuor, kwa Kijaluo. Mguu wake ulikuwa wa kushoto, na maumivu yake yalikuwa ya miaka mingi kuliko yangu. Alikuwa akiogopa sindano na hakuona haya kusema. Aliniomba nitangulie ili aone kama nitatoka na miguu yangu. Nikalala kifudifudi kwenye meza, mto chini ya nyonga, nikasikia baridi ya dawa ya kusafishia, halafu kidole gumba cha daktari kikitafuta kitu pale juu kidogo ya kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa mgongo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Sindano yenyewe ilikuwa mchomo tu. Kilichofuata ndicho sikukitarajia: alipoanza kusukuma dawa polepole, maumivu yangu yakaamka, yakashuka kwenye kalio, nyuma ya paja, mpaka kisiginoni, njia ile ile.

"Ndiyo yenyewe?" daktari akauliza.

Nikasema ndiyo yenyewe. Akasema vizuri sana, basi tumeifikia. Nikalia pale mezani, nikalilowesha shuka, na muuguzi akadhani nimeumizwa. Sikuwa nimeumizwa. Kwa miaka minne kitu kile kilikuwa mwilini mwangu peke yangu, wengine wakiambiwa tu, wakiamini au wasiamini, na siku hiyo mtu wa nje alikuwa amekigusa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wanasema. Mimi nilihisi kama kuna mtu amebisha kwenye kaburi.

Baada ya hapo tulilazwa vitanda viwili vinavyotazamana, mimi na Min Awuor, miguu haisikii, tukawa na mchana mzima wa kuzungumza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, changu cha Bi Rehema, tukakutana katikati. Aliniambia yeye ni mikayi, mke wa kwanza, na nyumba ya mikayi hujengwa ikitazama lango la boma. Kwa hiyo yeye huona kila anayeingia. Kisha akanieleza jambo ambalo sisi Wakuria hatuna kwa namna ile, na ambalo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi kuliko mguu. Katika boma lao hakuna mwanamke anayepanda mbegu kabla mikayi hajapanda. Wake wenzake wawili wangengoja, na wake za wanawe wangengoja. Mvua ikinyesha naye hawezi kuinama, boma lote lingetazama mashamba ya majirani yakichipua. Mwaka uliotangulia walimbeba mpaka shambani wakamweka chini, akapanda akitambaa kwa magoti, na wale wake wenzake wakitazama. Hakuna aliyecheka, alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilimwuliza kwa nini asitupie punje chache mapema udongo ukiwa mkavu, yaishe. Akanitazama kwa huruma, mimi mtoto wa watu nisiyejua kitu. Mzee wake hangekubali mzaha huo. Mbegu ya kwanza huingia udongo ukiwa umelowa, na mchezo ukifanywa hapo, watakaougua ni watoto. Sikubishana naye. Ndani yake mwenye kuamini na mwenye kuogopa walikuwa wameshalala kwenye kitanda kimoja.

Nilirudi Migori nikaumwa zaidi kwa siku mbili, nikamlaani daktari, mteja, na mjomba wa mteja. Halafu yakapungua kidogo, kidogo sana, kama mtu anayejaribu kuondoka bila kuaga. Februari tulipokutana tena wodini, Min Awuor alikuja na uji wa mtama kwenye chupa ya chai, akanimiminia kabla hajanisalimia, na swali lake la kwanza lilikuwa maumivu yangu yamefika wapi. Nikamwambia yametoka kisiginoni, sasa yako gotini. Akapiga makofi. Yake yalikuwa bado yako kwenye shavu la mguu, lakini alikuwa amelala usiku mzima mara kadhaa, jambo ambalo mzee wake alidhani ni ugonjwa mwingine. Tulizungumza juu ya maumivu yale kama wachungaji wanaofuatilia ng'ombe aliyeibwa, amepita wapi, ameonekana wapi mara ya mwisho. Wagonjwa wengine walituona wendawazimu. Siku hiyo tulidungwa ya pili. Daktari akatuambia ya tatu ndiyo ya kumalizia, na baada yake tusiiname wala kubeba kitu kwa wiki nzima. Nilimwona Min Awuor akilirudia neno hilo la wiki, midomo ikisogea bila sauti.

Machi nilipofika, kitanda kilichotazamana na changu kilikuwa kitupu. Nilikwenda dirishani na sahani yangu, nikaiweka upande mmoja, nikaacha nafasi. Muuguzi hakuwa na habari. Alisema watu wengi huacha wakipata nafuu kidogo. Nilijua si hivyo. Nilidungwa, nikarudishwa kitandani, na kuanzia mchana hadi giza nilitazama ule mpira wa kufunikia godoro tupu. Nitasema ukweli, nilimkasirikia. Nilikuwa nimebeba habari kutoka Migori kwa wiki nne, kwamba yangu yamepanda juu ya goti, na sasa nimwambie nani? Nilikuwa na upweke niliouzoea, lakini huo ulikuwa mpya, wa mtu aliyeonjeshwa kitu kisha akanyang'anywa.

Maumivu yaliondoka wiki mbili baadaye, na sikuyaona yakienda. Nilikuwa nashona sare za shule, nikamaliza upindo wa sketi moja, ya pili, ya tatu, nikanyoosha mkono kuchukua ya nne, ndipo nikagundua kwamba sijainuka. Nimekaa. Nikasubiri. Nikajipinda kushoto, nikajipinda kulia, nikabonyeza lile kalio kwa kidole kwa nguvu, nikiyatafuta. Hayakuwepo. Nilikwenda mbele ya duka nikamwambia Bi Rehema kwamba siumwi. Akasema alhamdulillahi, akanishika shavu, kisha akaniuliza kama kola za mwalimu ziko tayari. Alikuwa mwanamke mwema na alinitakia heri, lakini hakuwa amewahi kuyaona hayo maumivu, sasa angeonaje kwamba hayapo? Nikarudi chumbani. Nilitoa miguu yangu yote miwili mbele, nikakaa kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza, nikautazama ukuta wa mabati. Ningeweza kukaa hapo mpaka asubuhi. Ilikuwa furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na sikuwa na wa kula naye.

Jumamosi hiyo nikaenda Karungu, kwao Min Awuor. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku ile, ya kwanza, na barabara ilikuwa tope tupu. Nilielekezwa boma lao na wanawake waliokuwa wakianika dagaa kwenye nyavu. Nilipofika langoni nikaona nyumba ya mikayi mbele yangu, kama alivyosema, mlango uko wazi na hakuna mtu. Watu walikuwa nyuma, kando ya shamba. Wake wenzake wawili walisimama mpakani na mbegu zao kwenye vibuyu, na nyuma yao wake za wanawe, wote kimya. Ndani ya shamba alikuwa Min Awuor peke yake. Alikuwa akichimba shimo kwa jembe, anadondosha punje, anafukia kwa mguu, kisha anashika jembe kwa mikono miwili na kungoja, uso umekunjamana, kabla ya kuchimba jingine. Nilijua hasa anangoja nini. Niliijua njia yote, kuanzia kiunoni.

Nikamwendea. Nikamwambia, "Mama, nipe hilo jembe. Mimi sasa naweza kuinama. Hata mashimo tu."

Aliniangalia bila kushangaa, kana kwamba nimetoka tu kuteka maji. "Mkono yako haiwezi, nyar Kuria," akasema, yaani binti wa Kikuria. "Ya Awuor mwenyewe haiwezi. Ni hii tu."

Basi nikasimama pembeni, mimi mzima, mgongo wangu mpya na mikono yangu miwili, nikamtazama anavyopanda mistari yake. Sijawahi kujiona bure kama nilivyojiona asubuhi hiyo. Ningempa nusu ya ule uzima papo hapo kama ungegawika. Alipofika mwisho akajinyoosha polepole, akasema neno moja kwa Kijaluo, na wale wengine wote wakaingia shambani kwa pamoja, wakicheka, wakiitana, kazi ikaanza.

Ndipo akanieleza. Ile wiki ya sindano ya tatu mawingu yalikuwa yamejaa juu ya ziwa, mzee akasema mvua inashuka kesho. Angedungwa, angekatazwa kuinama wiki nzima, na boma lingengoja. Kwa hiyo alibaki. Na mvua ikakataa kunyesha, siku baada ya siku, hata zile siku ambazo angekuwa amekwisha kupumzika na kurudi. Alinisimulia hayo bila kulalamika, na akasema si neno, atakwenda mwezi wa nne. Hakuna aliyejua bado kwamba mwezi wa nne daktari hangekuja. Alihamishwa, na wodi ile ikarudi kuwa ya kawaida. Min Awuor alifika, akala dirishani, akalala usiku mmoja, akarudishwa nyumbani na vidonge. Aliishi na mguu ule tangu hapo mpaka mwezi uliopita, ukimwachia kidogo, ukimkamata tena, na kila mwaka, mwanzo wa mvua, aliingia shambani peke yake kwanza.

Lakini siku ile ya kupanda, kabla ya chakula, alijiburuta mpaka nyumbani kwake, akaketi kizingitini kwa upande ule ambao hauumi, akanituma nirudi langoni. Sikuelewa. Akaniashiria kwa mkono niende tu. Nilipofika langoni nikageuka.

"Tembea nikuone," akasema.

Nikatembea. Ni hatua chache tu, kutoka lango hadi mlango wa mikayi, lakini nilizitembea kama bibi harusi. Alinitazama nyonga, akanitazama kisigino, hakukosa hata kimoja, kwa sababu alijua pa kutazama. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa anacheka. Nilipomfikia akasema nirudie. Nikarudi langoni, nikatembea tena. Mbele ya wake wenzake, wajukuu, mbwa na kuku, nikarudia mpaka akatosheka. Kisha tukala samaki na ugali, mimi nimeketi kwenye kigoda, yeye amesimama akiegemea mlango, sahani mkononi.

Miaka yote iliyofuata, kila nilipokwenda, iwe mara moja kwa mwaka au baada ya miaka mitatu, hakuna salamu iliyotangulia hiyo ya "tembea nikuone." Maumivu yangu yalirudi mara mbili hivi, mepesi, yakaondoka, na yeye aliyagundua langoni kabla sijafungua mdomo. Niliolewa, nikazaa, nikanenepa, na katika hayo yote hakuna mwingine aliyewahi kuniomba nitembee tu ili afurahi.

Nilikwenda kumzika. Maturubai yalikuwa yamejaa watu, vipaza sauti, na wajukuu wanaozungumza Kiingereza. Walikuwa wamemchimbia kaburi mbele ya nyumba yake, upande wa kushoto, kama desturi, kwa hiyo ukiingia langoni unaliona moja kwa moja. Watu walipoanza kutawanyika, nilikwenda nikasimama langoni. Magoti yangu sasa yana uzee wake, lakini nikanyoosha mgongo, nikatembea kwa utaratibu, bila haraka, mpaka kwenye ule udongo mbichi. Nikasimama hapo kidogo. Mke wa mjukuu akaja akaniuliza, kwa heshima, kama kuna kitu nimeangusha njiani. Nikamwambia hapana, mwanangu. Kisha nikageuka, nikarudi mpaka langoni, nikatembea tena.